Kuanza Mastodon kutoka sifuri: seva, watu wa kufolo na mambo ya kuwa nayo makini

Watu kibao wanafungua akaunti Mastodon, mtandao wa kijamii wa posti fupi, wanakuta kimya, wanaangalia kulia kushoto hamna mtu, wanaifuta kwenye simu halafu wanaenda kusema ule mtandao hauna watu. Watu wapo aisee. Shida ni kwamba tumezoeshwa vibaya, TikTok na Instagram ukifungua tu unamwagiwa vitu hata hujasema unapenda nini, huku hakuna wa kukumwagia chochote, taimulaini yako, yaani ukurasa wa posti unazoziona, unaijaza kwa mikono yako mwenyewe. Ukilijua hilo mapema umeshavuka pale wengi wanapokwama, na ndio maana humu sehemu ya kutafuta watu nimeipa nafasi kubwa kuliko ya kufungua akaunti. Kufungua akaunti ni kazi ya dakika chache tu.

Kwanza unaingia wapi

Mastodon ilitoka 2016, aliyeianzisha ni Eugen Rochko, mtengeneza programu anayeishi Ujerumani, ila wengi tuliisikia baada ya Oktoba 2022 Elon Musk alipoinunua Twitter kwa dola bilioni 44 watu wakaanza kuhama kwa makundi. Sio kampuni moja yenye kila kitu chake sehemu moja. Ni programu ya bure, mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuiweka kwenye seva yake, yaani kompyuta iliyo mtandaoni muda wote, na seva hizo ziko maelfu, kila moja ina mwenyewe na sheria zake na admini wake, yaani msimamizi, halafu zote zinaongea. Ni kama laini za simu, wewe una Airtel, shemeji ana Voda, bi mkubwa yuko Halotel na mnapigiana fresh tu.

Lugha wanayoongelea hizo seva inaitwa ActivityPub, W3C ambao ndio wanasimamia viwango vya wavuti waliipitisha Januari 2018, na kwa vile ni ya wote kuna programu nyingine zinaitumia, Pixelfed ya picha, PeerTube ya video iliyotengenezwa na Framasoft wa Ufaransa, Lemmy ya mijadala, BookWyrm ya wapenda vitabu. Ukiwa Mastodon unamfolo mtu wa Pixelfed na picha zake unaziona hapo hapo, huna haja ya kufungua akaunti ya pili. Mkusanyiko wote huo ndio fedivasi.

Sasa nikuondolee matumaini ya bure kidogo. Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021 kuelekea uchaguzi, Tanzania X (Twitter ya zamani) ikafungwa Mei 2025, na kila likitokea hilo kuna mtu anasema tuhamieni Mastodon haifungiki. Ni kweli kuzifunga seva maelfu ni kazi kuliko kufunga anwani moja. Lakini intaneti yenyewe ikizimwa kama ilivyozimwa Tanzania siku ya uchaguzi Oktoba 29, 2025, hapo hamna seva itakayokusaidia, utakaa unaangalia ukuta kama wenzako. Na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 haikuulizi ulipostia wapi, kwa hiyo usije huku ukidhani umeingia pori lisilo na mwenyewe.

Hatua ya 1: chagua seva bila kulala nalo

Nenda joinmastodon.org, kuna orodha ya seva, unaweza kuchuja kwa lugha na kwa mada. Hapa ndipo watu wanaganda wiki nzima wanalinganisha kama wanachagua mchumba. Usiwaze sana, kuhama kunawezekana na nitaeleza mbele huko.

Ila kuna ushauri mmoja maarufu ambao mimi siukubali kwa mtu anayeanza, ule wa "jiunge na seva ndogo, ndio roho ya huu mtandao". Angalia inavyofanya kazi: seva yako haioni dunia nzima, inaona posti za watu ambao kuna mtu wa kwenye seva hiyo anawafolo. Sasa ukiingia seva yenye watu arobaini wote wanapenda reli za Ulaya, ukitafuta alama ya reli #Kiswahili unapata sifuri, sio kwamba hakuna aliyeandika, ni kwamba hamna mtu hapo kwenu aliyewahi kumfolo mwandishi yeyote wa Kiswahili. Ukiingia seva kubwa, kuna watu wengi wameshafolo watu wengi, hivyo ukitafuta unapata kitu. Kwa sisi ambao lugha yetu ina watu wachache huko, hii tofauti ni kubwa mno. Kwa hiyo anza na kubwa au ya kati: mastodon.social ndio kubwa kuliko zote na inaendeshwa na Mastodon wenyewe, mas.to nayo ni ya watu wote haina mada maalum. Kama wewe ni mtu wa usalama wa mitandao kuna infosec.exchange, wa teknolojia kwa ujumla kuna hachyderm.io. Seva ndogo nenda ukishawajua watu.

Kabla hujabonyeza kujiunga, soma sheria za seva, ziko wazi na ni fupi. Usiruke. Kwa mfano Fosstodon, seva inayopendwa na watu wa programu huria, kwa miaka ilikuwa na sheria kwamba posti za wazi ziandikwe kwa Kiingereza kwa sababu admini wanatakiwa waelewe wanachosimamia, sasa wewe unaingia na Kiswahili chako kitamu unashangaa unapewa onyo. Angalia pia seva imeanza lini, nani anailipia, na admini mwenyewe anaposti nini, admini mwenye kelele na ugomvi kila siku mkimbie.

Na angalia anwani inaishia na nini. Februari 2024 seva moja iliyokuwa inatumia .af ambayo ni ya Afghanistan ilinyang'anywa anwani yake, serikali ya Taliban ndio yenye mamlaka na zile anwani, na watu wakapoteza akaunti zao ghafla. Ile herufi mbili ya mwisho ni ya nchi fulani, na nchi ina wenyewe.

Hatua ya 2: fungua akaunti

Kwenye Android kuna apu rasmi ya Mastodon na kuna Tusky, mimi nakushauri Tusky kama simu yako ni ya kawaida, ni nyepesi na haina mbwembwe. Wa iPhone wana apu rasmi, Ice Cubes, na Ivory ambayo ni ya kulipia. Hata brauza inatosha kabisa.

Jina la mtumiaji lifikirie vizuri maana halibadiliki, jina la kuonekana ndio unaweza kulibadili kila siku ukitaka. Jina lako kamili litakuwa na sehemu mbili, mfano @jinalako@mas.to, na ukimpa mtu mpe lote, ukimpa nusu hatokupata au atampata mwingine mwenye jina hilo hilo seva nyingine.

Seva nyingine zinauliza kwa nini unataka kujiunga. Usiandike "nataka kujiunga" tu, andika sentensi mbili wewe ni nani na unapenda kuongelea nini, kwa lugha ambayo admini anaisoma, ukiandika hovyo wanadhani ni roboti. Kisha thibitisha barua pepe, isipoonekana angalia kwenye spamu. Ukiingia tu, washa uthibitisho wa hatua mbili kule kwenye setingi za akaunti, na zile namba za akiba watakazokupa ziandike kwenye daftari sio kwenye simu hiyo hiyo itakayoibiwa.

Hatua ya 3: profaili, kabla hujamfolo mtu hata mmoja

Huku watu wakipata notifikesheni kwamba umewafolo wanakuja kuangalia wewe ni nani. Wakikuta hamna picha, hamna maelezo, hamna posti, wanapita. Weka picha yoyote, sio lazima sura yako, andika unakaa upande gani wa dunia na unapenda nini, na andika posti moja ya kujitambulisha yenye alama ya reli #introduction, hiyo ndio wanaoifuatilia wakaribishaji wa wageni. Iandike kwa Kiswahili na chini yake mistari miwili ya Kiingereza kama unaweza. Ibandike juu ya profaili.

Halafu kuna swichi mbili ambazo wageni wengi hawazijui na ndio zinawafanya waongee peke yao. Ingia setingi, sehemu ya profaili ya umma, kuna ukurasa wa faragha na kufikika. Moja inaruhusu akaunti yako kupendekezwa kwa wengine, nyingine inaruhusu posti zako za wazi zionekane mtu akitafuta maneno. Utafutaji wa maneno ulikuja na toleo la 4.2 mwaka 2023 na waliuweka kwa hiari, usipowasha wewe, mtu akitafuta neno lililo kwenye posti yako hatoiona. Kama unataka kusikika washa zote mbili. Kama unataka kukaa kimya kimya ziache.

Pia unapoandika posti kuna sehemu ya kuchagua lugha, weka Kiswahili. Watu wanaweza kuchagua waone posti za lugha gani, sasa ukiandika Kiswahili huku imeandikwa ni Kiingereza unawachanganya na kuwakosa wale wale unaowatafuta.

Alama ya tiki haiuzwi huku. Una blogu au tovuti yako? Unaweka kwenye profaili linki ya tovuti, na kwenye tovuti unaweka linki ya kurudi kwenye profaili yako yenye rel="me" ndani yake, basi inageuka kijani. Maana yake ni kwamba aliye na tovuti ile ndiye huyu, basi, hakuna mtu kasema wewe ni mkubwa.

Hatua ya 4: watafute watu

Sasa hapa ndio kwenye kazi yenyewe, tenga jioni moja, chaji simu, chemsha chai.

Anza na alama za reli. Tafuta #Tanzania, #Kenya, #Kiswahili, #Nairobi, #Zanzibar, halafu zile za unachopenda, mpira, kilimo, Linux, kushona, ndege wa porini. Ukiingia kwenye alama, juu kuna kitufe cha kuifolo alama yenyewe, ifolo, posti zake zitakuwa zinaingia kwenye taimulaini yako hata kama hujamfolo aliyeandika. Hii kitu ilikuja 2022 na kwa mgeni ni dawa. Usiogope alama za Kiingereza au za lugha nyingine, ukishakaa kwenye #birds au #cooking utaona watu wa kila pembe na ni wakarimu kujibu kuliko ulivyozoea.

Folo wengi mwanzoni. Mia, mia mbili, usione haya, hakuna anayehesabu. Ukiona mtu kaandika kitu kizuri mfolo, akikuchosha wiki ijayo mtoe. Kisha ingia kwenye profaili ya mtu unayempenda uangalie yeye anawafolo nani, wengi wanaiacha wazi, hapo unavuna.

Kumfolo mtu wa seva nyingine kunawatoa watu jasho. Umekutana na profaili yake kwenye brauza, unabonyeza folo inakuambia ingia, unashangaa mbona nimeshaingia. Umeingia kwenu, sio kwao. Nakili jina lake kamili lenye @ mbili au linki ya profaili yake, rudi kwenye apu yako, bandika kwenye sehemu ya kutafuta, atatokea, mfolo. Ukikuta profaili yake inaonyesha posti mbili tu wakati unajua anaandika kila siku, usishangae, seva yenu ilikuwa haimjui, posti za zamani haikuzibeba, ila kuanzia umfolo zinaanza kuingia.

Taasisi nazo zipo. Serikali ya Ujerumani ina seva yake social.bund.de, Uholanzi wana social.overheid.nl, na BBC walifungua ya kwao social.bbc mwaka 2023 kama jaribio. Jina likiwa na anwani ya taasisi yenyewe unajua ni wao, mtu hawezi kujifanya.

Halafu jibu watu. Narudia, jibu watu. Kwa sababu hakuna mashine ya kukusukuma kwa wageni, watu wanakujua pale unapotokea chini ya posti zao na neno la maana. Anayekaa kimya kusubiri agundulike atasubiri sana.

Na kuhusu nyota na kuboosti: nyota ni ya kumwambia mwandishi ahsante, haimfikishii posti mfuasi wako hata mmoja. Kuboosti, yaani kuirusha posti ya mtu kwa wafuasi wako, ndio kunasambaza. Umeona mtu mpya kaandika Kiswahili vizuri, mboosti, bila hivyo anabaki anaongea na ukuta.

Hatua ya 5: kuposti

Una herufi 500 kwenye seva nyingi na posti unaweza kuirekebisha baadaye. Taimulaini inaenda kwa mpangilio wa muda, ya sasa juu, kwa hiyo ukiposti saa tisa usiku wa Afrika Mashariki watakaoiona ni Wamarekani.

Adabu za huku mbili tatu. Picha waandikie maelezo, kuna wasioona wanatumia simu zinazowasomea, na huku ukiposti picha bila maelezo kuna watu hawataiboosti kwa msimamo tu. Alama ya reli yenye maneno mawili weka herufi kubwa katikati, #AfrikaMashariki, ili isomeke. Na kuna kitufe cha kuweka onyo kabla ya posti, inafichwa mpaka mtu abonyeze, itumie kwa picha za ajali, damu, vitu vya kutisha, na kwa kusimulia mwisho wa tamthilia kabla wengine hawajaiona.

Hatua ya 6: chagua nani anaona

Kila posti ina ngazi ya kuonekana: wote, wazi ila kimya kimya, wafuasi tu, na waliotajwa tu. Hii ya mwisho ndio watu wanaiita DM na ndio inatakiwa uielewe vizuri.

Moja, haijafungwa kwa usimbaji wa mwisho hadi mwisho kama WhatsApp au Signal. Admini wa seva yako akitaka, na wa seva ya mwenzako, wanaweza kuisoma. Wengi hawana muda huo, ila usitume namba ya siri, picha ya kitambulisho, wala habari ambayo ikitoka kuna mtu ataumia. Mambo hayo peleka Signal.

Mbili, na hii inachekesha mpaka ikukute: kuonekana kwake kunategemea nani katajwa. Mko wawili mnamteta mtu wa tatu, ukamwandika kwa @ jina lake kamili, basi umemwalika. Ujumbe unamfikia. Umbea wa Mastodon mtaje mtu bila @.

Tatu, ukifuta posti seva yako inazitumia nyingine ujumbe zifute, nyingi zinafuta, ila hakuna wa kuzilazimisha.

Bando

Kwenye Tusky kuna setingi ya kupakua picha zenyewe kabla hujagusa, izime, zima na picha zinazocheza zenyewe, utashangaa siku nzima inakula MB kidogo. Matangazo ya biashara hayapo kwa hiyo hakuna video inayojifungulia.

Wakorofi

Nyamazisha, zuia mtu, ripoti. Vilevile unaweza kuzuia seva nzima, yaani wote wa kule hawakufikii. Admini naye anaweza kuikata seva nyingine kwa niaba ya wote, kama ilivyotokea 2019 Gab, mtandao wa watu wa mrengo mkali wa kulia, walipohamia kwenye programu ya Mastodon, seva nyingi ziliwafungia mlango na wao wakabaki wanaongea wenyewe. Ukiona rafiki yako wa seva fulani haonekani ghafla, uliza admini kama mmekatana.

Kuhama

Unafungua akaunti mpya huko unakotaka, kwenye setingi za hiyo mpya unaitambulisha ile ya zamani, kisha unarudi kwenye ya zamani unaamuru kuhama. Wafuasi wanakuja wenyewe. Posti hazihami, zinabaki kule. Watu unaowafolo unawabeba kwa faili la CSV, yaani orodha ya majina yao, unalishusha huku unalipakia kule, na ukishahama unasubiri siku 30 kabla ya kuhama tena.

Ila zingatia, njia hii inataka seva ya zamani iwe hai. Kwa hiyo mara moja moja shusha lile faili la watu unaowafolo na uhifadhi pembeni, hata kama umeridhika na ulipo. Wale wa .af, asiyekuwa na faili ndio wa kuanza upya kukumbuka majina.

Wenzetu wa Threads na Bluesky

Threads ya Meta ilianza kuunganishwa na fedivasi 2024, ila ni kwa watu waliowasha wenyewe, kwa hiyo baadhi utawapata na baadhi hapana. Bluesky, mtandao mwingine wa posti fupi, inatumia lugha yake nyingine, lakini kuna daraja: ukiwa Mastodon mfolo @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy na posti zako zitaanza kuonekana na upande wa pili. Ni hiari, usipomfolo hakuna kinachovuka.

Nani analipa

Hamna matangazo maana yake kuna mtu analipia seva kutoka mfukoni au kwa michango. Kwenye ukurasa wa maelezo wa seva utaona wanachangisha wapi, mara nyingi ni Patreon, Open Collective au Ko-fi. Sehemu hizo zinataka kadi, na kwa aliye Kenya kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay ni njia moja, Tanzania nako mitandao ya simu ina kadi za namna hiyo. Usijifunge kutoa kila mwezi kama hela yako haina mpangilio, changia mara moja ukiwa nazo. Na kama huna, admini mwingi shida yake ya kila siku ni spamu, ukiiona usiipite tu, iripoti na umwandikie neno moja kwa nini, hasa ikiwa ya Kiswahili, maana hiyo yeye hawezi kuisoma.